Matumaini Yenye Mizani

(Mada iliyotolewa na mjumbe wa kamati ya fedha kwenye hafla yetu ya mwaka ya kuchangia maendeleo ya nyumbani Pasiansi)

    

Tumeombwa tuzungumze kidogo juu ya mtazamo chanya, kama nguvu ya mtu kazini na katika maisha. Tulipopokea barua ya Katibu tulicheka, maana sisi wahasibu hatujulikani kwa jambo hilo. Ofisini tunaitwa watu wa "hapana". Mwenzetu anakuja na wazo zuri, macho yanang'aa, sisi tunamuuliza risiti iko wapi. Kwa hiyo mkituona tumesimama hapa kusifia matumaini, mjue tumepita kwanza kwenye mashaka.

Wale tuliosoma pamoja tunamkumbuka mwalimu wetu aliyekuwa akitutania kwamba jina la mtaa wetu linafanana na neno la Kiingereza la subira, kwa hiyo mtoto wa Pasiansi hana ruhusa ya kukata tamaa. Ulikuwa utani wa darasani. Lakini tumekaa mjini hapa Dar es Salaam miaka mingi, tumepanda na tumeshuka, na utani ule umeturudia mara nyingi kuliko masomo mengine tuliyofundishwa kwa fimbo.

Wimbo na jembe

Wazee waliopo hapa wanaijua bugobogobo. Siku hizi watoto wetu wanaiona jukwaani, vijana wakirusha majembe na kuyadaka, watu wakipiga picha kwa simu. Lakini ngoma ile asili yake ni shamba. Vijana wa kijiji walikusanyika kulima shamba la mwenzao, ngoma ikapigwa, majembe yakapanda pamoja na kushuka pamoja. Shamba lilikuwa lile lile, ekari zile zile, jua lile lile la Usukuma. Wimbo haukupunguza hata tuta moja. Kilichobadilika ni mkono wa mkulima: ulichelewa kuchoka.

Hapo ndipo tunapenda kuanzia. Mtazamo chanya haulimi. Anayelima ni jembe. Lakini jembe linaloimbiwa linafika mwisho wa shamba, na lile la mtu anayenung'unika peke yake mara nyingi huishia katikati. Tatizo letu siku hizi ni kwamba wimbo umetengwa na jembe. Tunatumiwa asubuhi ujumbe kwenye kundi la simu, "Amka ukiamini, mafanikio ni yako", tunaweka alama ya dole gumba, tunalala tena. Huo ni wimbo bila shamba.

Wapimaji wa pamba

Tuna mfano wa nyumbani kabisa, na wengi wetu tumeupita kila siku tukienda mjini bila kuujua.

Mkulima wa pamba wa Usukuma, miaka ya mwisho ya 1940 na ya mwanzo ya 1950, alikuwa na kila sababu ya kukata tamaa. Alilima kwa jembe la mkono, akapalilia, akachuma, akabeba mzigo wake hadi kwa mnunuzi. Kule mizani ilikuwa ya mnunuzi. Aliyeisoma ni mnunuzi, aliyeandika ni mnunuzi, na aliyehesabu fedha ni yule yule. Wakulima walijua wanapunjwa. Wengine walisema ndivyo dunia ilivyo. Wengine walisema Mungu yupo, ipo siku. Wote wawili waliendelea kupunjwa.

Katika miaka hiyo alikuwapo Mwanza kijana mmoja aliyeitwa Paul Bomani. Alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, akafanya kazi na kujifunza mambo ya hesabu katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akawa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Yeye na wenzake walizunguka vijijini kuwakusanya wakulima wa pamba. Hatua mojawapo waliyoanza nayo ilikuwa ndogo sana ukiitazama: waliweka wapimaji wao wenyewe penye vituo vya kununulia, ili mkulima apime mzigo wake kwenye mizani anayoiamini kabla haujafika kwa mnunuzi. Basi. Hawakuanza na kiwanda wala na jengo la ghorofa. Walianza na mizani ya pili.

Tunawaomba mlitafakari hilo kidogo. Mkulima aliyekwisha kupima kilo zake anakwenda kwa mnunuzi akiwa mtu mwingine. Pamba haijaongezeka hata nyuzi moja, bali sasa anajua alicho nacho. Hawezi kudanganywa kirahisi, na hana haja ya kugombana, kwa sababu namba iko mfukoni.

Kutoka mizani ile vilizaliwa vyama vya msingi vya ushirika. Bomani alikwenda Uingereza, katika chuo cha Loughborough, kusomea ushirika. Mwaka 1955 vyama vya kanda yetu vikaungana katika shirikisho lililojulikana kwa herufi zake, VFCU, makao yake Mwanza. Muongo ule ulipomalizika, ununuzi wa pamba ya Kanda ya Ziwa ulikuwa umehamia mikononi mwa wakulima wenyewe, wakawa na viwanda vya kuchambulia pamba, na kule mbali walikuwa wakitajwa kama mmoja wa ushirika mkubwa wa Waafrika. Baada ya Uhuru, kijana yule wa hesabu akawa waziri wa fedha wa nchi.

Tungeishia hapo mngepiga makofi, lakini mhasibu hafungi kitabu katikati ya mwaka. Ushirika ule ulipokuwa mkubwa, manung'uniko yalihamia ndani: wakulima wakaanza kuitilia shaka mizani yao wenyewe na makarani wao wenyewe. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na vilipokuja kurudishwa miaka ya 1980, imani ya zamani haikurudi yote. Kwa hiyo somo lina pande mbili, kama daftari letu. Matumaini yaliyopimwa yaliwainua wazee wetu. Walipoacha kupima, yalianza kuoza.

"Mna unga wa siku ngapi?"

Sasa tuje nyumbani kwetu, maana ni rahisi kusema ya wazee waliotangulia.

Miaka michache iliyopita kazi iliyokuwa ikitulisha ilikoma. Kampuni ilipunguza watu, barua ikaja siku ya Ijumaa, na Jumatatu tukaamka tukiwa hatuna pa kwenda. Watoto walikuwa shule ya kulipia. Kodi ya nyumba ilikuwa inaisha. Sisi ambao katika kila kikao cha familia tulikuwa tunakaa viti vya mbele, tukaanza kuacha simu ziite.

Watu walitufariji, tunawashukuru. Wengi walisema, "Msijali, mlango mmoja ukifungwa mwingine unafunguka." Wengine walisema, "Fikirieni mazuri tu." Walitupenda, na hatuna kinyongo nao. Lakini tulipokata simu tulibaki na hofu ile ile, na juu yake tukaongeza aibu ya kushindwa kufikiria mazuri.

Halafu akapiga simu mama mmoja wa Pasiansi, jirani wa wazazi wetu, ambaye ametumia maisha yake akiuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Tukamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, wanangu." Wala hakutuambia tusijali. Aliuliza, "Mna unga wa siku ngapi?"

Tulinyamaza. Tulikuwa watu wa hesabu. Tuliweza kuwaambia waajiri wetu fedha zao zitaisha tarehe gani, lakini unga wa nyumbani kwetu hatukujua ni wa siku ngapi. Mama akasema, "Kahesabuni, kisha mnipigie."

Usiku ule tulichukua daftari la mtoto, tukapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja tukaandika kilichopo: akiba, kiinua mgongo kidogo, fedha ya kikoba. Upande wa pili tukaandika kila kinachotoka: unga, mkaa na gesi, nauli, umeme, ada, kodi. Tulikata tulivyoweza kukata. Tukapata wiki kumi na moja.

Ndugu zetu, hatuwezi kuwaeleza usingizi tulioulala usiku ule. Wiki kumi na moja si milele, lakini si kesho. Hofu haina hesabu, ndiyo maana inajaza nyumba nzima. Ukishaiandika kwenye daftari inapungua na kuwa namba, na namba mtu unaweza kuipanga.

Tulipompigia mama akasema maneno ambayo mtoto yeyote wa ziwani atayaelewa. "Basi hizo ni siku zenu za mbalamwezi." Mnajua mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku wa giza, taa zake zikiwaita dagaa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi, na mitumbwi hukaa mwaloni. Lakini nenda mwaloni siku hizo uone kama wavuvi wamelala. Wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanalipana madeni. Wanajua giza litarudi, na likirudi liwakute nyavu zao ni nzima. "Shoneni nyavu," mama akasema. Wiki ile akatutumia gunia la dagaa kwa basi, na karatasi yenye bei, ili tusije tukamwaibisha kwa kuuza kwa hasara.

Tuliuza dagaa, mtaani kwetu, kwa majirani waliokuwa wamezoea kutuona na tai. Siku ya kwanza tulitamani ardhi ipasuke. Siku ya tano tulikuwa na wateja. Kati ya wateja hao mwenye duka la vifaa vya ujenzi akatuuliza kama ni kweli tunajua mambo ya hesabu, kwa sababu makadirio yake ya kodi yalikuwa yanampa maumivu ya kichwa. Tukamtengenezea vitabu vyake. Akatupeleka kwa mwenzake. Wiki ya kumi na moja ilipofika hatukuwa matajiri, lakini unga ulikuwapo, na mwezi wa tisa tukapata ajira. Wale wenye maduka tunawafanyia hesabu mpaka leo.

Kuna mwanasaikolojia anaitwa Gabriele Oettingen ambaye, pamoja na mwenzake, aliwafuatilia vijana waliomaliza chuo kikuu nchini Ujerumani wakitafuta kazi. Waliona jambo la kushangaza. Vijana waliokaa wakijiona kichwani wamekwisha kupata kazi nzuri, baada ya miaka miwili walikuwa wametuma maombi machache, wamepata nafasi chache na mishahara midogo. Lakini waliotarajia kufanikiwa, yaani walioamini kwamba wakihangaika watapata, walifanya vizuri zaidi. Kiswahili chetu kilikwisha kutenganisha mambo hayo zamani: kuna kuota na kuna kutarajia. Anayeota amekwisha kufika, kwa hiyo hana sababu ya kutembea. Anayetarajia bado yuko njiani, na macho yake yako barabarani.

"Itafika tu"

Kuna upande wa pili ambao hatuna haki ya kuuruka tukiwa watu wa ziwa.

Tarehe 21 Mei 1996 wengi wetu tulikuwa wanafunzi. MV Bukoba ilitoka Bukoba kuja Mwanza, ikazama asubuhi ikiwa imekaribia kufika nyumbani. Mamia ya watu wetu walikufa. Hapa ndani wapo waliokwenda kutambua miili, na wapo ambao ndugu zao wamelala Igoma pamoja na wale ambao hawakutambuliwa. Katika siku zile hakuna aliyekuwa na haki ya kumwambia mfiwa afikirie mazuri. Mama zetu hawakusema hivyo. Walichemsha uji, wakatandika mikeka, wakakaa. Mtu aliyekaa na wewe siku tatu bila kusema neno ndiye aliyekuambia kwamba maisha yataendelea.

Kwa hiyo tunaomba tusiwanyamazishe watu wenye majonzi kwa jina la mtazamo chanya. Aliyepoteza mume, aliyeambiwa na daktari habari mbaya, kijana aliyefeli mtihani jana: mwache alie kwanza. Machozi nayo ni ingizo halali katika daftari. Ukiyaruka, hesabu haitalingana baadaye.

Na lipo jambo gumu zaidi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu takriban 100. Waliokufa peke yao walizidi 200. Kila aliyewahi kusafiri ziwani siku ya gulio anaijua sauti inayosikika pale gatini chombo kikijaa: "Hakuna shida, panda tu, itafika." Sauti ile ni ya uchangamfu. Ni sauti ya mtu asiyetaka kumkatisha mwenzake tamaa. Na imetuua.

Ndiyo maana tunasema anayehesabu abiria anayapenda maisha kuliko anayewachekea. Kazini ni vivyo hivyo. Mkaguzi hatoi hati safi kwa sababu mkurugenzi ana tabasamu zuri. Katika kila ofisi tuliyopitia, mtu mwenye matumaini ya kweli ndiye aliyeweza kusema mapema, "Hapa tumekosea shilingi hizi, na tunaweza kurekebisha kabla ya mwezi kuisha." Asiye na matumaini huficha, kwa sababu ndani ya moyo wake haamini kwamba kosa linarekebishika. Mkimwona mtu anaficha hesabu, msidhani ana ujasiri. Amekwisha kukata tamaa.

Kanda yetu ilijifunza hilo mwishoni mwa miaka ya 1990, soko la Ulaya lilipowafungia mlango samaki wa Ziwa Victoria, mara kwa hofu ya magonjwa, mara kwa habari za uvuvi wa sumu. Viwanda vya Mwanza vikapunguza watu, bei ya sangara ikaanguka, na nyumba nyingi za Pasiansi na Kirumba zililala na njaa. Hakuna hotuba iliyoufungua mlango ule. Uliofunguliwa ni kwa maabara, kwa mialo iliyosafishwa, kwa ukaguzi na kwa kumbukumbu zilizoandikwa samaki ametoka wapi. Mlango ulifunguliwa na watu walioamini kwamba unafunguka, wakakubali kukaguliwa.

Tuliyoyaandika mwaka jana

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, tunaomba uvumilivu wako, kwa sababu mada hii imetugeukia wenyewe.

Wale mliohifadhi kijitabu cha mwaka jana, fungueni taarifa ya kamati ya fedha. Mtaona tumeandika kwamba ujenzi wa madarasa mawili ya shule yetu ya msingi "unaendelea vizuri". Maneno hayo tuliyaandika sisi. Siku tulipoyaandika, kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta na fundi alikuwa ameondoka miezi mitatu nyuma kwa sababu hatukuwa na fedha za kumlipa. Ahadi zilizotolewa kwenye hafla iliyotangulia zilikuwa nyingi, na zaidi ya nusu yake zilikuwa hazijalipwa.

Kwa nini tuliandika hivyo? Hatukuiba. Kila shilingi iliyoingia ina risiti, na daftari liko mezani pale mlangoni, yeyote alifungue. Tuliandika hivyo kwa sababu tulifikiri tukisema ukweli mtavunjika moyo. Tulijiita watu wa mtazamo chanya. Tukawapa wimbo bila jembe.

Matokeo yake mnayajua. Waliokuwa hawajalipa ahadi walisoma kwamba mambo yanakwenda vizuri, wakaona hawahitajiki. Waliokuwa wamelipa walikwenda likizo nyumbani, wakaliona boma lile na nyasi zimeota ndani yake, wakasema hawa wametula. Mzee wetu mmoja alitutumia picha kwa simu. Katikati ya darasa la pili kulikuwa na mbuzi amelala. Chini ya picha ile aliandika neno moja tu: "Vizuri?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tunawaomba radhi. Tunawaomba radhi ninyi, na tunawaomba radhi watoto wanaoendelea kubanana katika madarasa yaliyopo. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, watoto waliojiandikisha katika shule za msingi nchini wameongezeka sana, na shule yetu haikubaki nyuma. Hilo ni jambo la kushangilia. Lakini mtoto aliyeandikishwa anahitaji pa kukaa.

Mizani ya pili

Tukirudi kwa wapimaji wa pamba, tunaona mahali pa kuanzia. Hatuombi mtuamini. Tunaomba tuweke mizani ya pili.

Kwanza, jioni hii hatutatangaza ahadi kubwa kwa kipaza sauti. Miaka iliyopita tulipiga makofi kwa ahadi, na ahadi ni deni. Wengine mlitoka hapa na deni ambalo hamkuwa na uwezo nalo, mkaanza kukwepa vikao vyetu kwa aibu. Rudini. Ahadi zote za zamani zisizolipwa, kamati imekubaliana kuzifuta kwenye kitabu. Wahasibu tunajua deni lisilolipika likiendelea kuandikwa kama mali linadanganya kila mtu, kuanzia mwenye kitabu. Tunaanza ukurasa mpya.

Pili, kila mmoja aandike kwenye karatasi iliyo mezani kwake kiasi anachoweza kutoa kila mwezi bila kuumia, kwa miezi kumi na miwili. Iwe ya soda moja kwa wiki, iwe zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba nacho ni kipimo. Kabla hujaandika, jiulize swali la mama yetu: nyumbani kwako mna unga wa siku ngapi? Anayejua jibu ataandika kiasi ambacho kweli atakitoa, na sisi tutaweza kumwahidi fundi kitu cha kweli.

Tatu, tarehe moja ya kila mwezi taarifa itatumwa kwa kila mwanachama: kilichoingia, kilichotoka, na picha ya boma siku ile. Picha hatupigi sisi. Itapigwa na yule mzee aliyetutumia picha ya mbuzi. Amekubali, na ameahidi kwamba mbuzi akirudi atampiga picha tena. Hesabu za benki zitalinganishwa kila mwezi na watu wawili wasio wa kamati, mmoja anakaa Dar, mmoja anakaa Pasiansi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari linaloshikwa na mtu mmoja ni nusu ya daftari.

Kilichobaki kwenye madarasa yale ni kupaua, kuezeka, sakafu, lipu, milango na madirisha. Makadirio ya fundi yamechapwa ukurasa unaofuata, bidhaa kwa bidhaa, pamoja na bei tulizoziuliza wenyewe madukani Mwanza. Bati ni bei hii, mbao ni bei hii. Mwenye duka anayejua bei nafuu zaidi, tafadhali tusahihishe, hatutaona vibaya.

Vijana wetu mliokuja leo mkiwa bado mnatafuta kazi, msidhani mada hii ni ya wenye mishahara. Nyavu zenu zishoneni sasa. Anayejua kompyuta atusaidie kuweka kumbukumbu. Anayejua kupaka rangi, likizo ya Desemba inakuja. Hakuna anayejua giza lake la kuvua litarudi lini, lakini linarudi.

Tunamalizia. Mama yetu wa Mwaloni hajui kwamba tumemtaja jioni hii. Tulimpigia wiki iliyopita kumsalimia, tukamweleza habari ya boma, tukitegemea atatupa pole. Aliuliza, "Yamebaki mabati mangapi?" Tukamtajia. Akanyamaza kidogo, kama mtu anayehesabu vidoleni, kisha akasema, "Niandikeni matatu."

Matatu hayo ndiyo ingizo la kwanza la ukurasa mpya. Mstari wa pili uko wazi, na kalamu iko mezani kwenu.